Risasi za Mfalme

Kiswahili chetu huyaita madini na kitu kinachoua kwa jina moja: risasi. Tarehe 9 Julai 1776, watu wa New York waliiangusha sanamu ya risasi ya Mfalme George wa Tatu. Sehemu yake kubwa ilipelekwa Litchfield, Connecticut, kwa Oliver Wolcott, ambako wanawake na watoto walisubu risasi 42,088 za kuwapiga askari wa mfalme huyohuyo. Binti yake Mary Ann, mwenye miaka 11, alisubu 10,790.

Kalibu ikiwa baridi, risasi hutoka na makunyanzi. Ikizidi moto, huchelewa kuganda. Zilizoharibika hurudishwa chunguni. Kuangusha sanamu kulitaka jioni moja. Mtoto yule alitakiwa subira, tena kwa kazi ya mauti.