Babu wa kwenye picha alikuwa askari wa nani?

Karibu kila ukoo wenye picha ya babu aliyevaa sare una pia hadithi yake, na mara nyingi hadithi hiyo haikosi Mjerumani. Askari yeyote wa zamani huishia kuitwa "askari wa Mjerumani", hata kama sare aliyovaa ilishonwa miaka ishirini na zaidi baada ya Mjerumani kufungasha virago. Hakuna haja ya kubishana na wazee. Chukua picha yenyewe, kioo cha kukuzia na mwanga wa dirishani.

Wengi huanza na uso, na hapo ndipo wanapopotea. Usoni utamwona unayetaka kumwona: pua ya shangazi, paji la uso la baba mdogo. Anza na kofia, kisha shuka taratibu hadi miguuni.

Askari wa Schutztruppe, yaani jeshi la Wajerumani huku kwetu, alivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, na nyuma kikaning'inia kitambaa cha kukinga shingo na jua. Mbele palibandikwa tai wa chuma, nembo ya dola ya Ujerumani. Tai akionekana, mjadala umekwisha. Asipoonekana, tazama mkono wa kushoto, maana tepe zao za cheo zilikuwa nyekundu na zilishonwa upande huo: moja kwa ombasha, mbili kwa shaushi, tatu kwa bashaushi, nne kwa soli. Ukizikuta mkono wa kulia, usikimbilie kumvua babu Ujerumani wake. Huenda mpiga picha aliiweka negativu kinyume alipochapa. Kagua vifungo: koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukilalia wa kulia, na likionekana kufungwa kinyume, picha nzima imegeuzwa.

Halafu piga hesabu. Mwaka 1914 jeshi hilo lilikuwa na kampuni 14 za mapigano na askari Waafrika wapatao 2,500. Vita vilipoanza liliongezeka, lakini mwisho wake unajulikana. Kamanda wake, Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kijana wa miaka 25 siku ile alizaliwa mwaka 1893 hivi. Babu ambaye mwaka 1985 alikuwa bado anapanda mnazi mwenyewe hawezi kuwa ndiye, na hapo hadithi nyingi za ukoo huanguka bila hata kuitazama kofia.

Anayebaki mara nyingi ni mtu wa Keya, kama wazee walivyoliita King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililoundwa mwaka 1902. Batalioni yake ya 6 ndiyo iliyokuwa ya Tanganyika. Ya 3 na ya 5 zilikuwa za Kenya, ya 4 ya Uganda. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Keya alizoea kutembea peku au kwa makubazi, kichwani akiwa na tarbushi au kofia ya duara isiyo na ukingo. Buti na kofia ya pama iliyokunjwa upande mmoja ni mambo ya vita vya 1939 hadi 1945. Ukimwona babu na pama, umeshavuka zama za Mjerumani kwa miaka ishirini na ushee. Ila pama haikuwa ya Keya peke yao. Madereva, wahudumu wa hospitali na vikosi vya kazi waliivaa pia, kwa hiyo soma herufi za shaba zilizo mabegani: KAR ni askari wa miguu, EAASC ni kikosi cha usafirishaji na ugavi.

Rangi nazo zina ujanja wake. Vioo na filamu za mwanzoni mwa karne iliyopita hazikuihisi rangi nyekundu. Tarbushi nyekundu ilitoka nyeusi tititi, na buluu ikapauka karibu kuwa nyeupe. Nimewasikia watu wakiapa kwamba babu alivaa kofia nyeusi, na ushahidi wao ni picha hiyo hiyo. Tahadhari iyo hiyo iende kwenye tepe za nishani kifuani, ambazo watu hujaribu kuzisoma kwa weusi na weupe wake.

Nishani zenyewe ni kalenda nzuri, kwa sababu picha haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kitu kipya kabisa kilichomo ndani yake. Africa Star, waliyopewa waliopigana Somalia na Uhabeshi, ilianzishwa mwaka 1943. Burma Star ilikuja mwaka 1945. Kifua chenye utepe wa Burma hakikupigwa picha kabla ya hapo, hata kama mvaaji aliingia jeshini mwaka 1940. Taji nalo linasaidia: sajini mwenye taji juu ya tepe zake tatu, au polisi mwenye taji kwenye beji ya kofia, mtazame kilele chake. Taji la zama za wafalme lina mgongo wa duara. La Malkia Elizabeth, lililoanza kutumika baada ya mwaka 1952, limebonyea katikati.

Sasa geuza picha. Tuseme nyuma kuna muhuri wa studio ya Colombo, na begani kuna kichwa cha kifaru. Kifaru ndiye alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokusanywa Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwaka 1943, na katikati ya mwaka 1944 ikapelekwa Burma, ikashuka bonde la Kabaw kipindi cha masika hadi kufika mto Chindwin mwezi Desemba. Muhuri na kifaru vikikutana, umebakiwa na dirisha la mwaka mmoja hivi, kabla kijana huyo hajaingia matopeni. Kwa picha za nyumbani, muhuri wa A. C. Gomes wa Unguja unaweza kurudi nyuma hadi karne ya 19, lakini wa Capital Art Studio hauwezi kuvuka mwaka 1930, kwani ndipo duka hilo lilipofunguliwa.

Studio huleta tatizo jingine ambalo halina dawa. Sare iliazimwa. Mdogo mtu alivaa koti la kaka yake aliyekuja likizo, akasimama mbele ya pazia lililochorwa maua, na leo ndiye "mwanajeshi" wa ukoo. Mikono mifupi na mabega yaliyolegea huzua shaka, lakini hayathibitishi kitu. Kwa upande wa pili, wapagazi waliobeba mizigo ya vita vya kwanza, ambao walikuwa wengi mno kuliko askari, karibu hawana picha za studio kabisa. Ripoti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina.

Jina ndilo gumu kuliko tarehe. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa malimbikizo askari wake wa zamani waliokuwa bado hai, wengi walifika mahali pa malipo Mwanza bila cheti chochote. Mlipaji akampa kila mmoja ufagio na kumwamrisha kwa Kijerumani namna ya kushika bunduki. Hawakusahau, wakalipwa.

Kwa Keya ufagio hautoshi. Kama nishani ya vita vya kwanza bado imo kabatini, chunguza ukingo wake: pamechongwa namba, cheo, jina na kikosi, na orodha za waliopewa zimehifadhiwa Kew, London. Nishani za vita vya pili kwa kawaida hazina maandishi hayo, hivyo tafuta cheti cha kuachishwa jeshi kwenye sanduku la bibi. Upatapo chochote kati ya hivyo, nakili namba kwanza. Makarani waliandika majina kama walivyoyasikia. Mtu mmoja anaweza kuwa Athumani kwenye cheti, Osmani kwenye orodha na Asmani kwenye bahasha ya mshahara, na namba ikabaki ile ile.