Picha ya Soko la Ugenini: Mtazamo wa Lafey katika Historia

Miongoni mwa maandishi yanayopuuzwa na wahakiki ni kumbukumbu za msafiri zinazoambatana na picha. Kielelezo chake kikuu ni soko la ugenini: umati uliosongamana, mafungu ya bidhaa, ngamia aliyeshikwa kamba, na maelezo mafupi kwamba mahali hapo palijaa kelele na rangi. Aghalabu ugeni huchukuliwa kuwa ni sifa ya soko lenyewe. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Ugeni ni uhusiano baina ya atazamaye na atazamwaye, na uhusiano huo una tarehe zake. Lafey, mji mdogo wa Mandera ulio karibu na mpaka wa Somalia, unalidhihirisha jambo hilo.

Nathari ya Kiswahili ina ushahidi wa mapema wa hoja hii. Mnamo 1896 Salim bin Abakari, mzaliwa wa Ngazija, alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia, na masimulizi yake yakachapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Msimulizi anaitazama miji ya watu, lakini papo hapo anaeleza jinsi wenyeji wanavyomkodolea macho yeye. Hapo mtazamaji hajifichi; naye ni kitu cha ajabu katika macho ya wengine. Picha ya soko haina nafasi hiyo, kwani mpiga picha husimama nje ya fremu na kuonekana kama kwamba hakuwapo.

Kwa mchungaji wa Lafey, soko lililo karibu halikuwa lazima liwe la nchi yake. Malisho, visima na undugu vilienea pande zote mbili kabla mpaka haujawekwa. Hadi mwaka 1925 Jubaland ilitawaliwa na Waingereza, kama ilivyotawaliwa nchi ya Lafey. Mwaka huo ilikabidhiwa kwa Italia, ikiwa ni malipo ya kuungana na Uingereza na wenzake katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Soko halikuhama, wala njia ya ngamia haikupinda. Mstari ndio uliopita katikati. El Wak ikawa jina la miji miwili, mmoja Kenya na mwingine Somalia. Mandera nayo ikawa inatazamana na Bula Hawa ng'ambo ya mpaka. Aliyekwenda kuuza mbuzi kwa mjomba wake akawa, kwa mujibu wa sheria, amekwenda nchi ya kigeni.

Wakati huohuo masoko ya kusini yalifanywa kuwa ya mbali zaidi. Sheria ya wilaya za pembezoni ya 1902 na ile ya wilaya maalumu ya 1934 ziliwapa watawala uwezo wa kuzuia watu kuingia na kutoka bila kibali, na karantini ya mifugo ikazuia wanyama kuwafikia wanunuzi. Ndiyo asili ya usemi uliozoeleka kaskazini, kwamba anayesafiri kwenda Nairobi "anakwenda Kenya". Wageni huucheka usemi huo kama kosa la jiografia, hali ni muhtasari wa historia: soko lililokuwa ugenini kwa kweli lilikuwa lile la ndani ya nchi.

Uhuru haukuliondoa jambo hili. Wasomali wengi wa kaskazini waliiambia tume ya 1962 kwamba walitaka kuungana na Somalia. Matakwa yao hayakufuatwa, na vita vya 1963 hadi 1967 vikafuata. Hali ya hatari iliendelea kisheria hadi 1991. Mwaka 1989 serikali iliwataka Wakenya wa asili ya Kisomali wafike mbele ya wachunguzi kuthibitisha uraia wao, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya rangi ya waridi. Hapa ndipo picha ya pili inapoingia katika mjadala huu. Mwenyeji wa mpakani alihitaji picha ndogo ya kitambulisho ili aruhusiwe kuwa mwenyeji. Kwa msafiri, picha ni ukumbusho wa mahali alipopita. Kwa mwenyeji, ilikuwa sharti la kupita.

Picha ya soko, kwa hiyo, huonyesha wingi wa watu na kuficha kinachowaunganisha. Haimtofautishi dalali anayemdhamini muuzaji asiyejulikana na mnunuzi, wala haionyeshi deni linalongoja mvua. Mambo hayo ndiyo yaliyoliwezesha soko kudumu. Baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991, ng'ombe waliendelea kuvushwa hadi Garissa, ambayo ikawa miongoni mwa masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki. Kenya ilitangaza kuufunga mpaka mwaka 2007, na Mei 2023 ikatangaza kuufungua kwa awamu. Miezi miwili baadaye, baada ya mashambulizi, mpango huo ukaahirishwa. Katika muda wote huo biashara haikungoja matangazo.

Mhakiki anayeisoma picha ya soko la ugenini asiishie kuhesabu rangi na mafungu. Hana budi kuuliza mpiga picha alisimama upande gani wa mstari, nani aliuchora, na ni kadi ya namna gani iliyokuwa mfukoni mwa kila mmoja wao.