Gazeti la Shule na Chimbuko la Wasomaji wa Kiswahili: Msimulizi la Kiungani, Zanzibar, 1888–1896

Ikisiri

Makala hii inachunguza Msimulizi, gazeti lililotolewa katika shule ya misheni ya Kiungani, Zanzibar, kuanzia 1888 hadi 1896. Hoja yake ni kwamba vijana ambao wengi wao hawakuzaliwa na Kiswahili walisaidia kujenga nathari na hadhira ya lugha hiyo kwa sababu walikuwa na habari za kupeana. Hoja hiyo ina uzito kwa nchi ambazo leo zinaingiza Kiswahili madarasani kama lugha ya pili.

1.0 Utangulizi

Historia ya magazeti ya Kiswahili aghalabu husimuliwa kupitia wamiliki wake, yaani misheni, serikali za kikoloni na, baadaye, vyama vya siasa. Katika masimulizi hayo mwanafunzi huonekana kama msomaji anayeandikiwa. Ni nadra kuonekana kama mwandishi. Hata hivyo, gazeti ambalo kwa kawaida hutajwa kuwa la kwanza la Kiswahili katika eneo ambalo sasa ni Tanzania lilitoka shuleni, na liliwategemea wanafunzi na wahitimu wa shule hiyo.

2.0 Shule na Mtambo wa Chapa

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA) ilihamia Zanzibar mwaka 1864. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wavulana 5 waliotolewa utumwani, ambao Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer. Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kilipoimarika, kilipokea pia vijana kutoka vituo vya bara, Magila upande wa kaskazini na Masasi upande wa kusini. Katika mabweni walikutana Wayao, Wamakua, Wanyasa na Wabondei. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili cha Unguja.

Edward Steere, aliyewasili pamoja na Tozer, alianzisha kazi ya uchapaji, na vijana wakafundishwa kupanga herufi na kupiga chapa. Jambo hili lina umuhimu wake. Kabla ya kuwa na gazeti, wanafunzi walikwisha kujua kwa mikono yao jinsi neno linavyofika kwenye karatasi.

3.0 Maandishi Mawili, Hadhira Mbili

Mwaka 1887 A. C. Madan, mwalimu wa misheni hiyo, alichapisha London kitabu kilichoitwa Kiungani, chenye masimulizi ya wavulana kuhusu makwao na jinsi walivyotekwa. Kitabu hicho kilitoka kwa Kiingereza. Msomaji wake alikuwa Mwingereza, hasa rafiki na mfadhili wa misheni, na kijana alimweleza mgeni asiyeweza kumjibu.

Mwaka uliofuata Msimulizi lilianza, na mwelekeo ukageuka. Gazeti lilichapisha habari za shule na za vituo, pamoja na barua za walimu na wasaidizi waliokuwa wamehitimu Kiungani na kutawanyika bara. Mwalimu aliyekuwa peke yake kijijini, mbali na wenzake wa bwenini, alipata kujua nani amepelekwa wapi, safari ilikuwaje na kazi inakwendaje. Mwandishi alikuwa msomaji wa toleo lililofuata, na msomaji aliweza kuwa mwandishi. Wengi wao walikuwa wametengwa na jamaa zao kwa utumwa au kwa umbali. Barua zilizochapishwa zikawa njia ya kuudumisha undugu mpya.

Matokeo ya kiisimu yanaeleweka kwa mantiki hiyo. Barua kutoka Newala ilipaswa kueleweka Magila na Unguja vilevile. Ili ieleweke, iliandikwa kwa nathari nyepesi, yenye mfuatano wa matukio ulio wazi. Mazoea hayo yalikuwapo miongo kadhaa kabla ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kupendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu.

4.0 Mipaka ya Sauti

Uhuru huo haupaswi kutiwa chumvi. Mtambo, karatasi na uangalizi vilikuwa mikononi mwa misheni, na yaliyochapishwa yalipita chini ya macho ya wakubwa wa shule. Aidha, gazeti lilitumia hati za Kilatini wakati wasomi wa mji wa Zanzibar waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Kwa hiyo hadhira mpya iliundwa pembeni mwa utamaduni wa maandishi uliokuwapo tayari, na pengo baina ya pande hizo mbili likaingia katika historia ya lugha yenyewe. Isitoshe, Kiungani ilikuwa shule ya wavulana. Wasichana wa misheni walisoma Mbweni.

5.0 Hitimisho

Rwanda iliifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo pamoja na ufundishaji wa lazima shuleni. Mijadala inayofuata maamuzi ya namna hii huelekea kwenye idadi ya walimu, vitabu vya kiada na mitihani. Hayo yote ni ya lazima. Mfano wa Kiungani unaongeza swali ambalo mitaala huliacha: mwanafunzi akishajua kuandika Kiswahili, atamwandikia nani? Insha ya mtihani husomwa na mtahini mmoja, kisha hufungiwa kabatini.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba sera za Kiswahili zitenge nafasi na fedha kwa magazeti yanayoendeshwa na wanafunzi, na kwamba magazeti hayo yabadilishane habari baina ya shule na baina ya nchi. Inapendekezwa pia kwamba shule zihifadhi nakala zake. Bila nakala za Msimulizi zilizosalia, wavulana wa Kiungani wangebaki katika historia kama watu waliofundishwa tu, ilhali waliandika.