Aliyenunua Gamba

Historia ya kasa wa Watamu kwa kawaida husimuliwa kuanzia 1968, mwaka ambao Watamu na Malindi zilifanywa mbuga za bahari. Kabla ya hapo, ukisikiliza wasimulizi, kulikuwa na wavuvi na visu tu. Nilipojitolea huko kuhudumia kasa (chuo nilikuwa nishaacha, muda ulikuwepo), niliisikia hadithi hiyo karibu kila wiki.

Lakini ng'amba, yule kasa mwenye mdomo kama wa mwewe, aliuzwa pwani hii hata kabla Gede haijajengwa. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unataja magamba ya kasa kati ya bidhaa za bandari ya Rhapta, pamoja na pembe za ndovu na za kifaru. Unaeleza hata mitego ya kusuka ya watu wa kisiwa cha Menouthias, iliyowekwa pale maji yanapopita kati ya miamba. Mimi nikisoma hapo naona dema tu. Kule Roma, matajiri walipamba vitanda vyao kwa magamba hayo.

Kwa hivyo mvuvi hakuamka siku moja akamchukia kasa. Alikuwa na mnunuzi. Gamba liligeuzwa vitana, visanduku, fremu za miwani, na waliovaa miwani hiyo hakuna aliyewaita majangili. Mkataba wa CITES ulifunga biashara ya kimataifa ya ng'amba mwaka 1977. Japani ikakikataa kipengele hicho na kuendelea kununua hadi mwisho wa 1992. Miaka 15, bana.

Siku hizi mvuvi akinasa kasa anapiga simu. Mnaenda, mnampima, mnamfunga kibati cha namba kwenye kikono, mnamrudisha baharini, na mvuvi anapewa hela kidogo ya usumbufu. Mgeni mmoja aliniuliza kama hiyo si rushwa. Mzee mwenye wavu alikuwa kando yetu, maji magotini.

"Mwambie, mwanangu. Zamani twalipwa kumtoa, sasa twalipwa kumrudisha. Bei ya kumtoa ilikuwa afadhali."

Nilitafsiri yote. Mgeni akacheka. Mzee alikuwa ameshainama, anapima kwa mikono tundu ambalo kasa alikuwa ameliacha wavuni. Hela aliyopewa haikutosha kununua nyuzi.