Kikata kamba cha rafadha

Kikata kamba cha rafadha ni kifaa chenye makali kinachofungwa kwenye shafti ya chombo, katika nafasi iliyo kati ya bushi ya nyuma na rafadha. Kazi yake ni kukata kamba, uzi au wavu kabla haujajiviringisha na kuibana shafti. Rafadha huitwa pia pangaboi. Kifaa hiki kinafaa zaidi meli na boti zenye injini ya ndani.

Kamba na nyavu katika Ziwa Victoria

Ziwa Victoria lina eneo la takribani kilomita za mraba 68,800, na maji ya kingo zake upande wa Mwanza yamejaa kazi za watu. Usiku wavuvi wa dagaa huwasha taa na kutandaza nyavu, na nyavu za sangara huachwa zikielea hadi alfajiri, zikionyeshwa na maboya ambayo mara nyingi ni madumu ya plastiki tu. Chombo kinachotoka kisiwa cha Ukerewe kwenda Mwanza gizani hukutana na vyote hivyo.

Wavu mbaya kuliko zote kwa rafadha ni timba, wavu wa nailoni wa uzi mmoja. Kanuni za Uvuvi za Tanzania za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, zinaupiga marufuku kwa sababu za samaki, lakini nahodha naye ana sababu zake za kuuchukia. Uzi wake hauonekani majini. Ukishaikamata shafti hujikaza, msuguano unaupasha joto, nailoni inayeyuka na kuganda kuwa pete ngumu ambayo haitoki kwa mkono. Hutolewa kwa msumeno au patasi. Wakati huo injini imeshazima, na kama upepo unavuma kuelekea kwenye miamba, hatari ni kubwa.

Siku hizi vimeongezeka vizimba vya kufugia samaki. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti na vizimba kwa wavuvi jijini Mwanza, na kila kizimba hushikiliwa na kamba za nanga zinazoshuka pembeni mpaka chini. Kamba iliyokatika ikabaki inaelea haina mwenyewe.

Kupiga mbizi kwenda kuikata kamba kwa kisu ndiyo njia iliyozoeleka, nayo ni njia mbaya. Maji ya kando yana kichocho, baadhi ya maeneo yana mamba na viboko, na mtu aliye chini ya tezi hana usalama wowote ikiwa mwenzake juu atagusa swichi.

Aina

Ipo ya sahani na ipo ya mkasi. Ya sahani ni duara la chuma kisichoshika kutu, lenye makali au meno ukingoni, lililogawanywa vipande viwili vinavyobanwa kuizunguka shafti. Ni rahisi, haina kisu kinachogusana na kingine, na bei yake ni nafuu. Ya mkasi ina visu vinavyozunguka na shafti vikipishana na kisu kilichokazwa kwenye mkono unaoshika bushi; Spurs ya Marekani na Stripper ya kampuni ya Ambassador Marine ya Uingereza ni za kundi hili. Hukata kamba nene kwa uhakika zaidi, na ndiyo inayostahili kupewa kipaumbele kwenye chombo cha abiria. Waya mnene wa chuma ni kazi iliyozizidi zote mbili.

Magugu maji ni suala jingine. Yalipofunika sehemu za kingo za ziwa katika miaka ya 1990 yalizuia bandari nzima, na kikata kamba kisingesaidia sana: mkeka wa magugu huziba pia tundu la kuvutia maji ya kupozea injini.

Kuchagua na kufunga

Kila kitu huanza na vipimo, na vipimo huchukuliwa chombo kikiwa juu ya chelezo, siyo kwa kukadiria. Fundi hupima kwa venia kipenyo cha shafti, kipenyo cha kitovu cha rafadha, unene wa mkono wa bushi, na umbali kati ya bushi na kitovu. Umbali huo ndio unaoamua. Ukiwa mfupi mno, kifaa cha mkasi hakiingii, na kulazimisha kwa kuisogeza rafadha nyuma huiacha shafti ikining'inia zaidi na kutetemeka.

Jambo linalosahaulika ni kwamba injini iliyokaa juu ya mipira husogea. Gia ya mbele ikiingia, rafadha huisukuma shafti kuelekea omo kwa milimita kadhaa, na nafasi iliyoonekana ya kutosha kwenye chelezo inapungua. Kwa hiyo huachwa uwazi wa ziada. Bushi iliyolika nayo ibadilishwe kwanza. Shafti inayocheza itagonganisha visu. Mifereji inayopitisha maji ya kulainisha bushi isizibwe.

Kabla ya kufunga, betri hutenganishwa na ufunguo hutolewa. Shafti husafishwa mpaka ing'ae, vipande viwili hukazwa sawasawa kwa zamu, na pale boliti za kubana zinapogusa shafti huchimbwa vijishimo vidogo ili kifaa kisiteleze. Gundi ya boliti ni ya lazima. Baada ya hapo shafti huzungushwa kwa mkono duara kamili, huku fundi akisikiliza.

Kuhusu kinga ya kutu, vipande vya zinki vinavyolinda chuma baharini havifanyi kazi vizuri kwenye maji baridi. Ziwani magnesiamu inafaa zaidi.

Mashine za nje

Mitumbwi mingi yenye injini hutumia mashine za nje. Uzi ukiingia nyuma ya rafadha hukata sili, maji huingia kwenye gia na oili hugeuka nyeupe kama maziwa. Vikata uzi vidogo vya mashine hizi vipo, lakini kinga ya uhakika ni kuvua rafadha mara kwa mara na kutoa nyuzi.

Hali ya sasa

Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi mkoani Mwanza lilifunguliwa Juni 2025 na kupunguza safari za vivuko mahali hapo, lakini visiwa bado vinategemea vyombo vya majini. Kwa boti ya injini ya ndani inayopita kandokando ya vizimba kila siku, kikata kamba kinapaswa kuwa kwenye bajeti ya matengenezo pamoja na rangi na bushi.