Bosi Aliyerudi Kazini Akiwa Mtarajali

Katika Kkondae Intern, tamthilia ya vichekesho iliyorushwa na kituo cha MBC cha Korea Kusini kati ya Mei na Julai 2020, mzee Lee Man-sik anaripoti kazini kama mtarajali. Mkuu wa kitengo anayempokea ni Ga Yeol-chan, kijana ambaye miaka ya nyuma alikuwa mtarajali chini ya mzee huyo huyo katika kampuni nyingine ya tambi, akanyanyaswa hadi akaondoka. Sasa mpini ameushika kijana, na mzee ameshika makali.

Nilicheka, sikatai. Lakini kicheko hiki kina historia, na historia hiyo haianzii kwenye tabia za watu wawili.

Neno kkondae lilikuwa la mtaani. Wanafunzi walilitumia kumsengenya mwalimu au baba. Baadaye likahamia ofisini, likawa jina la mkubwa asiyesikiliza, ambaye kila hoja huijibu kwa kusimulia enzi zake. Mwaka 2019 neno hilo lilivuma hata BBC Two wakaliweka kuwa neno la siku katika ukurasa wao, na vijana wa Korea wakabuni utani wa kulitamka “enzi zetu sisi” lisikike kama latte, kahawa ya maziwa. Julai mwaka huo huo sheria ya kazi iliyorekebishwa ikaanza kutumika: unyanyasaji wa wafanyakazi ukapewa tafsiri ya kisheria, na mwajiri akatakiwa kuchunguza malalamiko na kumlinda aliyelalamika. Tamthilia ilifika mwaka mmoja baadaye, wakati yale ambayo Man-sik aliyafanya bila kufikiri yalikuwa yamekwisha kuwa kosa.

Wachambuzi wengi huishia hapo: wazee wakali, vijana wamechoka. Mimi sitosheki na maelezo hayo, kwa sababu hayatuambii kwa nini ukali wa mkubwa ulivumiliwa kwa miongo kadhaa kisha ukashindwa kuvumilika.

Jibu liko katika ajira yenyewe. Mwanamume aliyeingia kampuni kubwa ya Korea katika miaka ya 1970 au 1980 alitarajia kubaki humo hadi astaafu, mshahara na cheo vikipanda kwa miaka ya utumishi. Matusi ya mkubwa aliyameza akijua kwamba zamu yake itafika. Utii ulikuwa akiba: unaiweka ukiwa kijana, unaichukua uzeeni. Mwishoni mwa 1997 uchumi ulipoyumba, serikali ilikwenda kwa Shirika la Fedha la Kimataifa na kupata ahadi ya msaada wa takriban dola bilioni 58. Februari 1998 sheria ikabadilishwa ili makampuni yaweze kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi. (Msomaji aliyekuwa mtumishi wa umma Tanzania katika miaka ya 1990 hahitaji kufafanuliwa maana ya “kupunguzwa”.)

Tangu hapo Wakorea wakawa na utani mchungu. Saojeong, jina la mhusika wa ngano ya kale ya Kichina, likageuzwa kumaanisha kwamba umri wa kustaafu ni miaka 45. Oryukdo, visiwa vilivyo karibu na Busan, vikawa fumbo: mwenye miaka 56 ambaye bado yuko kazini ni mwizi. Tena pensheni ya taifa ilikuwa imeanzishwa mwaka 1988 tu, hivyo waliotupwa nje walikuwa na michango ya miaka michache. Ndiyo maana nchi tajiri kama ile imekuwa na kiwango cha umaskini wa wazee kinachoongoza miongoni mwa wanachama wa OECD. Mzee anayeomba utarajali katika vichekesho hajatungwa hewani.

Vijana nao walirithi mlango uliofungwa nusu. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2007 iliruhusu ajira ya mkataba kwa miaka miwili. Baada ya hapo mwajiri alitakiwa kumwajiri mtu moja kwa moja, na wengi waliona nafuu kumwacha aende. Mwaka 2014 tamthilia Misaeng ilimwonyesha Jang Geu-rae, mfanyakazi wa muda ambaye bidii yake haimpatii ajira ya kudumu. Serikali ilipopendekeza mwishoni mwa mwaka huo kurefusha muda huo hadi miaka minne kwa baadhi ya wafanyakazi, watu waliuita mpango huo sheria ya Jang Geu-rae. Vyama vya wafanyakazi viliupinga, vikisema unarefusha mashaka badala ya kuyaondoa.

Kwa hiyo kijana anayemwita mkubwa wake kkondae anadai zaidi ya adabu. Anaambiwa aweke akiba katika benki iliyokwisha kufilisika, na anayemwambia hivyo ni mtu ambaye naye amepoteza akiba yake humo humo.

Waandishi wa tamthilia wanalijua hilo. Yeol-chan, kadiri anavyofurahia kulipiza kisasi, anaanza kuongea kama Man-sik. Na miongoni mwa watarajali wenzake mzee yumo msichana aitwaye Lee Tae-ri, binti yake wa kumzaa, jambo ambalo Yeol-chan halijui mwanzoni.