Joto la Sauti ya Baba

Mama alivaa hedifoni, akasikiliza kwa muda usiofika dakika, kisha akazivua na kuziweka mezani.

"Huyu siye baba yako," alisema. Akanyamaza kidogo. "Na huyo mwanamke anayeongea kwa nyuma ni nani?"

Tulikuwa Kihesa, Iringa, mwezi wa Juni. Nilikuwa nimetoka Mbeya kwa basi, zaidi ya kilomita 300, nikiwa nimepakata kompyuta, hedifoni za omu 300 na amplifaya ndogo ya transista niliyoinunua kwa akiba ya miezi minne. Kwenye kompyuta kulikuwa na dakika 22 nilizozihamisha kutoka kwenye kaseti. Baba aliirekodi mwaka 1986 kwa redio kaseti yake, iwe barua kwa kaka yake aliyekuwa akifanya kazi Kitwe. Barua za namna hiyo zilisafiri mkononi mwa dereva wa lori hadi Tunduma na kuendelea. Hii haikusafiri, ilibaki kabatini. Baba alifariki mwaka 1994, nikiwa na miaka minne. Sauti yake siikumbuki kabisa. Anayeweza kuniambia kama ninachosikia ni yeye ni mama peke yake, na mama alikuwa amekataa.

Amplifaya ile niliichagua kwa vipimo, na vipimo vyake vilikuwa safi. Kinachoingia ndicho kinachotoka. Lakini kwa baba ilitoa sauti kavu, nyembamba, kama ya mtu anayeongea nyuma ya bati. Wapenzi wa hedifoni wana neno lao kwa kilichokosekana: joto. Wanamaanisha sauti za chini zilizojaa kidogo na za juu zisizochoma. Wanasema pia, kwa uhakika wa watu wa dini, kwamba joto ni la vali na transista ni baridi. Vali sikuwa na pa kuzipata wala fedha ya kuzilipia. Nikaanza kutafuta transista yenye joto, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kusoma kabla ya kununua, nilijikuta kwenye historia.

Vali zilifika upande wetu huu kwanza. Mwaka 1949, ng'ambo ya Tunduma, Rhodesia ya Kaskazini, mkuu wa idara ya habari Harry Franklin aliishawishi kampuni ya Ever Ready itengeneze redio ya betri ambayo Mwafrika wa kawaida angeweza kuinunua. Kasha lake lilitokana na sufuria ya alumini, na ndiyo maana ikaitwa Saucepan Special. Iliuzwa pauni 5. Tanganyika yenyewe ilianza matangazo mwaka 1951, kwa Sauti ya Dar es Salaam. Shida ya vali ni kwamba haisemi neno mpaka ipashwe moto kwanza, na moto huo unatoka kwenye betri.

Transista, iliyobuniwa Bell Labs nchini Marekani mwezi Desemba 1947, haipashwi. Katika miaka ya 1960 Matsushita walifungua kiwanda Dar es Salaam, na jina la National likawa jina la redio na la betri zake pia. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipokusanya watu kama milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza Radio Tanzania, kilichokuwa katikati ya duara ni transista. Wazazi wetu waliziita betri mawe, na yakichoka waliyaanika juani yapate nguvu ya taarifa ya habari ya jioni.

Hapo kwenye mawe ndipo ubaridi ulipoanzia. Amplifaya ya daraja A hupitisha umeme muda wote, hata pasipo na sauti. Redio ya betri haiwezi anasa hiyo. Kwa hiyo transista zilipangwa mbili mbili: moja inabeba nusu ya juu ya wimbi la sauti, nyingine nusu ya chini, na kukiwa kimya zote zinapumzika. Pale zinapopokezana kijiti, sauti hukwaruzika kidogo. Mwaka 1969 Mwingereza John Linsley Hood alichapisha katika jarida la Wireless World mchoro rahisi wa amplifaya ya transista ya daraja A, wati 10, akaipima mbele ya amplifaya ya vali ya Williamson ya mwaka 1947, iliyokuwa kipimo cha kila mtu. Transista ikasimama nayo. Ubaridi ulikuwa matokeo ya ubahili tu, tena ubahili wenye sababu.

Nilifurahi sana, mpaka nilipokumbuka kwamba mama hajawahi kumiliki redio ya vali. Joto analolijua lilitoka kwenye transista zile zile bahili.

Nilimpelekea suala hili mzee mmoja fundi redio pale Mwanjelwa. Aliacha kuchomea, akanitazama juu ya miwani.

"Mama yako anamkumbuka mtu, au anakumbuka kaseti?"

Sikuwa na jibu. Nikampigia mama palepale. Ikawa kwamba baada ya mazishi aliisikiliza kaseti ile kwa miaka saba, usiku, sisi tukiwa tumelala, kwenye redio ile ile iliyoirekodi, hadi mkanda wa ndani ulipokatika. Hakuwahi kutuambia.

"Basi," alisema mzee, "anamkumbuka baba yako kwenye spika ya karatasi, ndani ya boksi. Spika ile makali haitoi hata uipige. Amplifaya uliyonunua haina kosa. Kosa lake ni kusema kweli."

Tulijenga nyingine kwa wiki tatu. Daraja A, kwa sababu nilishaipenda habari yake, ikiendeshwa na chaja ya kompyuta ya volti 19. Kwenye njia ya kutokea mzee aliweka rezista ya omu 120. Kuna kiwango cha kimataifa cha mwaka 1996 kilichopendekeza namba hiyo hiyo, na wahandisi wengi wa leo hawaitaki. Hedifoni zangu hazina ukinzani mmoja: kwenye sauti za chini unapanda sana, kwa hiyo ukiweka rezista mbele yake, sauti za chini zinapata fungu kubwa kuliko nyingine. Halafu akaongeza kapasita ndogo ya kupunguza makali ya juu. Akaivaa hedifoni, akacheka.

"Sasa tumeiharibu vizuri, kijana."

Nilirudi Iringa mwishoni mwa Julai, baridi ikiwa imekaza. Baada ya nusu saa bati la kupozea transista lilikuwa moto kama kikombe cha chai, na mama akaweka viganja vyake juu yake bila kuuliza ni la nini. Akasikiliza dakika zote 22. Midomo yake ilikuwa ikitangulia maneno.

"Huyu ndiye," alisema.

Kisha: "Yule mwanamke yuko wapi?"

Nikasikiliza mimi. Alikuwa amezama. Yalikuwa ni yale makali tuliyoyakata, pamoja na mvumo wa mkanda. Nikachomoa, nikachomeka kwenye amplifaya ya kwanza, nikarudisha hadi dakika ya tisa. Mama akafumba macho. Baba, mkavu, alikuwa anamsimulia kaka yake bei ya mahindi. Kwa mbali sufuria ikagongwa, na mwanamke akasema, kwa Kihehe, kwamba kama barua haiishi basi yeye anakula. Akacheka.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili," mama alisema.

Tuliendelea kuhamisha waya hadi usiku, huku na huku. Asubuhi aliniomba nimwachie zote mbili, na hedifoni, na nimwandikie kwenye karatasi ipi ni ya nani.